Kila Mtu na Tawi Lake

Kutaisi, mwaka ule umeme ulipotoroka mjini
ukawa unarudi saa moja tu, usiku wa manane,
kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Mwalimu Lamara alituambia: kesho
kila mtu aje na tawi lake.
Tulidhani anazungumzia falsafa.
Alikuwa anazungumzia kuni.

Jiko la chuma likakaa palipokuwa na meza yake,
bomba lake likatokezwa dirishani.
Kwa chaki ndogo kama jino la mtoto
akaandika: NI NINI KILICHOPO?
Kisha akang'oa mguu wa kiti kibovu, akautia motoni.
"Hiki bado ni kiti?"
Ndiyo, tukasema.
Akang'oa wa pili.
Ndiyo, tukasema, sauti imepungua.
Mguu wa nne ulipoungua, Zurabi akacheka:
"Mwalimu, kiti kimekuwa joto."
Nilingoja amsahihishe.
Mpaka leo nangoja.

Juma lililofuata swali lilikuwa fupi: UNAJUAJE?
Tulirushiana kutwa nzima kama mpira.
Leo ni Jumanne. Unajuaje?
Una njaa. Unajuaje?
Tsiala, ambaye kaka yake alikwenda vitani pwani,
akasema: kaka yangu yu hai.
Mpira ukaanguka.
Hakuna aliyeuokota.
"Mama bado anamwandalia sahani," akaongeza,
ingawa hatukuuliza.

Gocha ndiye aliyeleta ubao wa kijani, msumari ungalimo.
Sote tuliujua ua wa kijani wa bibi Elpite.
"Kila aliyeleta kuni huketi karibu na jiko," Gocha akasema,
"mimi nimeleta kuni,
basi mimi nitaketi karibu na jiko."
"Hoja yako ni halali," Mwalimu akajibu.
"Ubao wako sio."

Akauegemeza ukutani.
Siku tatu ulisimama pale, mkavu, mnene,
sisi tukipuliza vidole.
Siku ya nne Maka alikuja na kikohozi kisichokatika,
na Mwalimu mwenyewe, bila neno, akautia ubao motoni.
Ulinguruma vizuri. Rangi ilinuka.
Jioni nilimwona akipanda kilima
na chupa ya jamu ya plamu chini ya koti.
Sijui walisemezana nini.
Sijui kama jamu hulipa ubao,
wala kama ningeuchoma siku ya kwanza,
wala kama nisingeuchoma kamwe.
Najua chupa ilirudi tupu, imeoshwa.

Kulikuwa na maswali mengine.
Nani apange zamu za kukaa karibu na moto,
na nani alimpa ruhusa ya kupanga?
Na ile jalidi iliyochora majani kwenye kioo,
majani ambayo hayakuota popote:
ni nzuri, kama hakuna aliyekusudia uzuri?
Zurabi aliilamba. Alisema ina ladha ya moshi.

Majina ya yale matawi tuliyasoma baadaye,
marefu, ya Kiyunani, ya mtihani.
Nimeyasahau nusu.

Ila jioni moja Mama alinusa nywele zangu:
"Wewe, umetoka shule au jikoni?"
Nikamwambia, inategemea,
ukisema shule unamaanisha nini?

Alinipiga kofi dogo.
Mpaka leo sijaamua
hilo lilikuwa jibu la tawi gani.