Somo la Tisa: Wakati Uliopita

Tulifunga nyumba ya wageni mwezi wa Shaabani,
vyumba vinne, mbele daka, nyuma kisima cha majichumvi,
ufunguo tukamwachia Bi Mwanahawa wa mlango wa pili
aliyetuuliza, huku akipepeta mchele,
"Na umri huu, mwaenda shule?"
Naam. Shule. Na begi na daftari,
na Shekuwe na meno yake ya kubandika.

Wahispania walitujia kila Agosti
nasi tukawajibu kwa vidole:
kidole juu, darini; kidole mdomoni, chakula;
viganja viwili shavuni, kulala.
Miaka kumi na sita ya ububu
kwa mtu mwenye ulimi wake
inachosha.

Granada. Baridi ya kukata masikio.
Chumba kwa Doña Remedios, orofa ya nne,
bomba la maji moto likikohoa usiku kucha kama mgonjwa wa pumu,
na darasani vijana wa miaka ishirini
waliotuita abuelos,
nasi, kabla ya kujua ni babu na bibi, tukashukuru.

Maneno mengine yalitupokea kama jamaa.
Mesa, nikaketi mezani.
Azafrán nilimjua kwa harufu kabla ya herufi.
Fulano, nikacheka: kumbe fulani naye kafika huku,
yule yule asiye na jina, abebaye lawama za watu wote.
Na hasta, yaani mpaka, yaani hata,
hata nikamwambia mwalimu Inmaculada:
"Hili letu. Mmelitia s katikati tu."

Kuwa, kwao, ni vitenzi viwili,
kimoja cha ulivyo, kimoja cha ulipo.
Vijana nusura walie.
Mimi na Shekuwe tulitazamana:
sisi tuna yuko, tuna yupo, tuna yumo,
na mtu akiwapo kitandani nawe lakini hayumo,
hilo pia twajua kulisema.

Miezi mitatu tukaishi katika wakati uliopo.
Nala. Wanywa. Twatembea.
Sijapata kuwa na ndoa nyepesi kama ile.
Hapakuwa na jana ya kugombania,
hatukuwa na kitenzi chake.

Kisha somo la tisa.
Kila mmoja atunge sentensi tatu, jana alifanya nini.
Shekuwe akasimama, miwani puani,
akasoma kwa sauti ya mtoto wa chuoni:
Vendí la tierra de tu madre.
No te pregunté.
Tuve miedo.

Darasa likapiga makofi. Hakukosea hata herufi.
Mimi nilichelewa, nikishuka neno kwa neno
kama mtu katika ngazi za giza:
Niliuza. Shamba. La mama yako.
Sikukuuliza.
Niliogopa.

Minazi thelathini na miwili, Matondoni.
Miaka ishirini na mmoja nikiambiwa serikali imelitwaa,
na mimi, mjinga, nikiilaani serikali kila Ijumaa.

Sikusema naye siku nne, kwa lugha yoyote.
Doña Remedios akadhani ni baridi, akatuongezea blanketi.
Siku ya tano, mezani, nilimwomba chumvi.
Sal.
Neno fupi. Mkono wake ulitetemeka akinisogezea.

Sasa tumerudi Mkomani,
ambako nyumba zimeegemeana mabega
na kikohozi cha jirani ni chako.
Tukigombana twagombana kwa Kihispania,
naye Bi Mwanahawa, ng'ambo ya ukuta, awaambia watu:
"Wapendanavyo wale! Wasoma hata usiku."

Wageni wa Agosti wamekuja, wamestaajabu, wamelipa, wamekwenda.
Lakini lile jambo hajaniambia kwa Kiswahili.
Simharakishi.
Alfajiri, baada ya sala, namsikia kisimani
akikijaribu kitenzi polepole,
kama ajaribuye jino jipya kwa ncha ya ulimi:
Niliu...
Niliuza...
kisha ndoo, kisha maji.