Gia Namba Moja

Mgrevilea wa marehemu baba tuliukata mwezi wa tatu.
Mbao zikaenda kwenye paa la jiko,
kisiki kikabaki katikati ya uwanja
kama mgeni aliyekwisha kunywa chai na haagi.

Kuku wakakipenda. Mama akajikwaa mara mbili.
Mara ya tatu, akiwa na sufuria ya kiburu mkononi,
alitamka neno ambalo mama wa WAWATA halitamki,
na jioni ile nikampigia simu Sisti:
njoo na pikapu.

Akapanda nayo Uru kutoka Pasua, Jumamosi alfajiri,
imeinamia upande mmoja,
mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani,
na ubavuni bado yanasomeka maandishi ya baba:
HISANI YA KAHAWA.

Tulianza na michongoma.
Miaka sita bila panga, ilikuwa imeota meno.
Tukaikata, tukaifunga kamba, pikapu ikaondoka nayo
ikiiburuta nyuma hadi shimoni
kama bibi harusi asiyetabasamu na shela lake.

Kisiki ni kesi nyingine.
Sisti alichimba hadi saa nne,
mizizi minene akaipiga shoka,
myembamba akaiacha ijione mashujaa.
Mnyororo uwe chini, karibu na udongo, alisema.
Ukifunga juu unavuta hasira,
ukifunga chini unavuta mti.
Alisema kwa sauti ya baba. Hakujua.

Ndipo mama akatoka na blanketi.
Lile la kijivu, la mistari myekundu,
la wodini, la ile miezi minne.
Hakuna aliyemwomba.
Akalitandaza juu ya mnyororo:
ukikatika, usiruke ukaumiza mtu.
Nani kakufundisha?
Akaonyesha kwa kidevu ubavu wa pikapu,
zile herufi.

Gia namba moja. Polepole.
Mnyororo ukanyooka,
blanketi likainuka kama kifua kinachovuta pumzi.
Matairi yakalia, tope jekundu likaurukia ukuta
tuliopaka chokaa Pasaka,
injini ikakohoa, ikazima.
Kisiki, kimya.

Tena.
Tena.
Watoto wa kwa Shirima walipanda ukutani wakahesabu kwa sauti.
Mara ya saba ikang'oka bampa.
Tukacheka mpaka Sisti akakaa chini,
kisha tukafunga mnyororo kwenye chesisi,
pale ambapo tungefunga tangu asubuhi
kama tungekuwa na akili.

Mara ya nane ardhi iliguna,
chini sana, kama mtu anayejigeuza usingizini,
na kisiki kikaja, ubavu ubavu,
mizizi juu, kinanuka mvua za zamani.

Na katikati ya mizizi, kimekumbatiwa,
kikombe cha bati,
cheupe, ukingo wa buluu.

Sisti alikipangusa kwa kidole gumba.
Nilikuwa darasa la pili, akakiambia,
nilichapwa kwa ajili yako.
Akatazama kisiki.
Na fimbo ilitoka kwenye mti huuhuu.

Mama hakusema pole.
Alikichukua, akakisugua kwa majivu na gunzi
muda mrefu kuliko uchafu wake ulivyohitaji.

Rejeta ilikuwa inafuka mvuke. Tukangoja ipoe.
Kibo hakuonekana, wala hatukumtafuta;
tulikuwa tunalitazama shimo,
kila mmoja na la kwake.

Kisha mama akafungua kifuniko kwa pembe ya blanketi,
akaanza kumimina maji, kikombe baada ya kikombe,
mkono wa pili ameuweka juu ya boneti
jinsi mtu anavyompima mtoto homa.

Kunywa, akaiambia pikapu.
Kunywa, baba.
Fanya haraka, kikombe kina tundu.