Miimo ya Milango

Mwimo wa kwanza uko Nebraska,
nyumba ya kupanga nyuma ya ghala la mahindi.
Kalamu ya risasi: Leif, miaka mitatu,
na mstari uliopinda maana nilikuwa nacheka.
Mama alikuwa kocha msaidizi wa tatu,
cheo ambacho ukikivua koti kinabaki dobi.
Alifua jezi kumi na nne kila usiku wa mechi,
akaendesha basi dogo la chuo juu ya barafu,
wasichana wamelala, vichwa vikigonga vioo,
nami katikati yao, furushi lisilo na namba mgongoni.

Mwimo wa pili siukumbuki.
Kocha mkuu alifukuzwa mwezi wa Machi,
na mti mkuu ukigwa wana wa ndege huyumba:
sisi tuliyumba hadi Dakota Kaskazini.

Huko ndiko alikoitwa mkuu.
Chuo cha wanafunzi mia tisa na upepo mmoja usiochoka.
Ofisi yake, stoo ya mikeka ya mieleka.
Paa la ukumbi lilivuja kwenye kona ya kushoto,
ndoo ikawa mchezaji wetu wa sita,
na wageni waliojaribu kupita kona ile
waliteleza. Msimu wa kwanza tulishinda mara tatu;
mbili kati ya hizo, Mama husema, ni za ndoo.

Alikuwako Marlys Brandvold, binti wa wafugaji,
mikono mikubwa, moyo unaodunda hadharani.
Kila mtupo huru ulimtoka kama anatupa kaa la moto.
"Pumua kwanza," Mama alimwambia.
"Mpira hauna haraka. Mwenye haraka ni wewe."
Miaka minne, maneno hayo hayo,
mpaka nikawa nayasikia nikifunga kamba za viatu.
Mwaka wa nne Marlys akapumua,
wavu ukanong'ona mara mbili,
na simu ya jikoni ikaanza kulia kutoka Ohio.

Ohio walitupatia mkataba wa miaka mitano
na nyumba yenye miimo myeupe kama maziwa.
Mama hakuthubutu kuichafua.
Alinipimia ndani ya kabati, kati ya makoti,
kwa tochi.
Kwenye barabara kuu waliweka bango la uso wake,
jino moja tu pana kuliko mlango wetu wa Nebraska.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Ohio walihesabu kwa misimu.
Wa kwanza maua, wa pili maua na maswali,
wa tatu jembe, na ardhi ilikuwa mwamba.
Walimwachisha kazi Jumanne, kwenye maegesho,
mkurugenzi akizungumza na funguo za gari lake.
Mama alirudi na filimbi na kikombe kisicho na mkono.
Bango walilisahau wiki kumi na moja.
Kila asubuhi basi la shule lilinipitisha chini yake:
mvua ilianza kumbandua kidevuni,
macho yakawa ya mwisho kuondoka.

Mwaka mzima aliangalia mechi bila sauti.
Mimi nikampita kimo na hakuna aliyeandika.

Kisha simu, usiku, kutoka Kansas.
"Kocha," ilisema sauti niliyoijua,
"wamenipa timu. Natafuta mtu wa kuniambia nipumue."
Cheo: kocha msaidizi wa tatu.
Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni,
akauliza kama wana mashine ya kufulia inayofanya kazi.

Nilimtembelea Novemba iliyopita.
Jezi zimeanikwa hadi kwenye taa,
Marlys mezani na bakuli la uji wa shayiri,
anachora mishale kwenye bahasha ya bili ya umeme.
Mama, miaka sitini na moja, akavua viatu,
akaegemeza mgongo kwenye mwimo wa jikoni,
akanipa kalamu.
Amepungua inchi moja na robo.
Nilipokuwa naandika jina lake
aliniambia nisikandamize sana,
nyumba ni ya kupanga.