Mbuzi wa Darasa la Sita

Umeme umekatika tena hapa Tukuyu.
Mvua inapiga bati, sauti yangu haifiki dawati la tatu.
Nafunga kompyuta zetu nne, nachora miraba sakafuni kwa chaki.
"Leo mbuzi ni mimi. Niamrisheni."

Hatua mbili mbele. Geuka kushoto. Rudia mara tano —
nikajibamiza ukutani, pembe na kwato.
"Mwalimu, si umeuona ukuta!"
Mbuzi haoni, Lusajo.
Hana macho mpaka umwandikie:
ukikuta ukuta, geuka.

Saa nane umeme ukarudi.
Anyambilile akafungua mchezo wake:
mto Kiwira, daraja la magogo,
mbuzi mweupe mwenye doa sikioni.
Ukichelewa kubonyeza, anatumbukia.
Wenzake wametoa roho tatu tatu.
Yeye kaandika tisini na tisa.

"Mbona nyingi hivyo? Hata paka ana saba tu.
Mchezo hautaisha."

Akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiwiko cha sweta.
"Yule wa nyumbani alikuwa nayo moja."

Nilisahihisha mabano aliyosahau kuyafunga.
Tisini na tisa sikuigusa.