Mikate Arobaini

Shebwana, mwoka boflo wa Barani, katoka bandani akifoka:
"Unga hauumuki kwenye baridi ile!
Theluji magotini, halafu donge lifure kifuani mwa mtu?
Waongo hawa."
Anadai shilingi ishirini zake,
na mimi, mwenye banda na mwenye sauti, namwambia
ungetoka mapema basi, si baada ya kulia.

Maana alilia. Mabati ya Kisumu Ndogo yana matundu,
giza letu halifichi mtu.

Filamu yenyewe ni ya Kitaliano.
Niliachiwa na mzee mmoja wa Casuarina
siku alipofunga nyumba akarudi kwao.
Kitaliano mimi nilikiokota ufukweni nikiuza vinyago:
Kitaliano cha bei, Kitaliano cha salamu.
Cha vita sikufundishwa.
Lakini mwaka wa kumi na nne huu nashika kipaza sauti,
na palipo pengo najaza.

Basi kuna mwoka mikate, kaingizwa jeshini kwa nguvu,
anaficha donge la hamira chini ya shati lisigande.
Siku ya gwaride likaumuka.
Tumbo linapanda, vifungo vinaruka,
kapteni anamzunguka kama kuku aliyeona nyoka,
nami kapteni nikamtilia Kigiriama mdomoni.
Banda zima chini!
Nyevu wa viazi karai alimwaga ukwaju mapajani mwa watu
wala hakuomba radhi.

Kisha vita vikaja.
Usiku mmoja tu, na hauonyeshwi.
Tunaona tanuri. Tunasikia ngurumo kwa mbali.
Yeye anakanda.
Alfajiri anatoa mikate arobaini
na wanaorudi ni kumi na mmoja.
Anaipanga yote mezani, mmoja mmoja,
na kila mkate anauita kwa jina la mtu.

Hapo, kwenye kimya kile, Kenga wa Nyevu akacheka.
Peke yake. Kicheko cha kukata pumzi.
Miaka miwili alikuwa ng'ambo ya mpaka na sare,
karudi, ukimuuliza habari za huko
atakwambia kulikuwa na vumbi.
Kijana mmoja akamwambia, nyamaza bwana.
Nyevu akamwambia kijana, nyamaza wewe.

Sasa nje wanabishana.
Mwinyifaki wa cherehani asema vita si mzaha,
aliyetunga hakuzika mtu.
Dama asema bila ule mzaha
yeye angekwenda zake kupika, nani angeona hiyo mikate?
Shebwana bado yuko kwenye hamira.

Mimi nina yangu, sikuisema.
Bibi yangu, siku ndege za Wataliano zilipodondosha mabomu hapa Malindi,
alikimbilia shambani na kinu kichwani,
kinu kizima cha kutwangia,
na mtoto akamsahau kitandani.
Mtoto huyo ndiye baba yangu.
Alikuwa akisimulia mpaka leso mdomoni,
kinu jamani, kinu!
hadi afike pale aliporudi, akausukuma mlango.
Hapo hutuma mtu maji ya kunywa.
Hatukuwahi kuusikia mwisho wake kwake,
tuliusikia kwa baba, naye alikuwa amelala.

Watu wakatawanyika. Kenga akabaki akinisaidia kukunja mikeka.
"Yule mwoka," akauliza, "pale mwisho alisema nini?"
Nilikuwa nimetafsiri: Mwenyezi Mungu awarehemu.
Ukweli ni kwamba sikumsikia.
Nikamwambia, "Nilitia mimi."
"Nilijua. Hakuna asemaye hivyo."
"Husema nini?"
Akaupiga mkeka vumbi, mara mbili, mara tatu.
"Huuliza nani hajala."

Kesho saa mbili usiku naionyesha tena.
Pale mwisho nitanyamaza.
Shebwana keshalipa, ishirini zile zile.
Asema anakuja kuangalia hamira.