Singa za Moldi

Katoni ya brashi haikufika.
Theluji imefunga barabara tangu Jumanne,
na brashi za mwaka jana zimebaki vipara,
vipini vimetafunwa na Ísleifur,
ambaye hutafuna chochote
jedwali la kuzidisha likimshinda.

Basi nikawaambia: vaeni makoti.
Wanafunzi wanne, ndio shule nzima,
tukateremka kwenye kokoto nyeusi.

Kwetu huku mti ukikufika magotini
tunauita msitu.
Lakini bahari hutuletea magogo ya Siberia,
meupe kama mifupa, yamelambwa chumvi
hata yamesahau kwamba yaliwahi kuwa na majani.
Tukachagua vijiti vyembamba.
Sólrún alipata chenye kigongo
kinachokaa sawa chini ya kidole gumba;
akakataa kukipiga msasa.

Tukakusanya mwani mkavu,
nyasi za mchangani,
sufu iliyonaswa kwenye seng'enge.
Kunja, zungusha, kaza,
meno yavisaidie vidole,
uzi wa nyavu upite mara saba, kisha fundo.
Dýrleif alifunga manyoya ya bata kumi kwa pamoja:
brashi ikanywa kikombe kizima cha rangi,
ikakitapika chote mahali pamoja
kama mlevi mlangoni pa mkwewe.
Tulicheka mpaka wino wa masizi ukamwagika.

Rangi tulikuwa nazo.
Kutu ya pipa la kale la mafuta ya samaki,
matunda meusi ya nyikani kutoka kwenye friza yangu,
kahawa iliyolala.

Ketill hakuokota kitu.
Alikaa, akatoa bahasha mfukoni,
na ndani mna singa,
ndefu, rangi ya mchanga uliolowa,
kati yake mshipa mweusi.

Hakuna aliyeuliza.
Bonde zima lilimjua Moldi,
miaka ishirini na minane,
goti moja bovu,
na lile lori la Oktoba.

Alizipanga unywele kwa unywele
kama mtu anayepanga maneno ya kuomba radhi.
Akazikaza vizuri kuliko nilivyofundisha.
Ncha ikatoka kali, laini, imenyooka;
brashi ambayo mimi, mwalimu,
ningeiiba.

Lakini hakuichovya.
Nikamsogezea kutu, akatikisa kichwa.
Nikamsogezea masizi.
"Itachafuka," alisema.
Wanasema mchagua jembe si mkulima;
nilikuwa nayo mdomoni methali hiyo, nikaimeza.
Nikampa kikombe cha maji ya moto.

Nje, ukutani chini ya upenuzi,
pale ambapo theluji haifiki,
alichora kwa maji juu ya jiwe jeusi:
shingo, mgongo ulioinama,
tumbo lililojaa nyasi za msimu.
Alipofika kwato, upepo ulikuwa umekausha masikio.
Akarudi kwenye masikio.
Mgongo ukaondoka.

Wa kwanza kutoka alikuwa Ísleifur,
na brashi yake ya mwani, mbaya sana,
akachovya majini, akashika mgongo.
Dýrleif akachukua mkia na bata zake kumi.
Sólrún, kwato.
Hawakusemezana.
Wanne wakamsimamisha farasi mmoja
dhidi ya upepo wa kaskazini,
huyu akipotea hapa, yule akimrudisha pale,
mpaka kengele ambayo sikuipiga.

Usiku baridi ilikaza.
Asubuhi tulikuta sikio moja
na nusu ya shingo, barafu tupu, ikimeremeta.

Ijumaa gari la posta lilipita.
Brashi arobaini na nane, nailoni, sawasawa zote.
Ketill alichukua moja akapaka ghala jekundu
bila kuinua macho.

Ile nyingine iko dirishani ndani ya kikombe,
singa zikitazama juu.
Mimi hufungua darasa kabla ya wote.
Kuna siku huikuta imelowa.