Kumi Iliyobaki

Fomu ina kurasa sita. Ukurasa wa tatu
una kisanduku kidogo, hakienei hata ukucha:
mzazi wako ameharibika kiasi gani?
Hawakuuliza hivyo. Wameandika kwa adabu,
*Taja asilimia ya ulemavu.*
Mimi nimesoma nilichosoma.

Wendell Heikkinen, nimeandika kwa herufi kubwa.
Baba, wewe ni tisini.
Barua yao inasema, ile iliyolala chini ya chupa ya asali:
mguu wa kushoto chini ya goti, sikio, bega,
vipande vya chuma ambavyo daktari aliviacha vikae.
Wanajumlisha kwa hesabu yao, si hesabu ya dukani,
wakafika tisini, wakapiga muhuri.
Jimbo hulipa ada ya chuo, yote, miaka minne,
kwa mtoto wa askari aliyefika mia.
Tisini hainunui hata daftari.

Arvid Koskela, ng'ambo ya barabara,
hakuulizwa asilimia. Mama yake alipeleka cheti kimoja,
na ile bendera iliyokunjwa pembetatu ikabaki kabatini.
Wafu huhesabiwa wazima.
Walio hai ndio wanaokatwa vipande.

Mama anarudi alfajiri kutoka nyumba ya wazee,
ananuka dawa ya sakafu,
anapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
akiba, mkopo, mkopo mwingine.
Kisha anasema, "Tutaona."
Naijua hiyo tutaona. Ni hapana iliyovaa koti.

Kumi iliyobaki iko wapi, Baba?
Nyumba nzima inajua ilipo.
Iko saa tisa za usiku, umekaa kwenye ngazi
umeshika beleshi, unangoja theluji ya Ziwa Superior
na mbingu ni nyeupe kwa nyota.
Iko kwenye fataki za Julai, unaposhuka chumba cha chini
na redio, na mlango unaufunga kwa ndani.
Miaka kumi na mmoja iliyopita daktari alikuuliza, "Unalala?"
Ukamjibu, "Fofofo."
Fofofo! Na sisi tuliojifunza kutembea kwa ncha za vidole?

Sikukuomba.
Niliiacha fomu mezani, kisanduku kitupu,
nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi ulivaa shati la kanisani.
Mwendo wa saa mbili na nusu hadi mjini,
na Mama anasema ulikaa kwanza garini
mpaka vioo vikafunikwa na pumzi yako.
Sijui ulisema nini mle ndani.
Ulirudi na sauti ya mtu
aliyepandisha kabati ghorofani peke yake,
ukala mkate umesimama.
"Nimewaambia habari za usiku," ukasema.
Basi.

Mia imefika mwezi wa tano. Mia, ya kudumu, muhuri wa bluu.
Mama alilia huku anacheka. Mimi vyote viwili vilinikataa.
Wewe uliisoma mara mbili, ukaikunja,
ukachukua nyundo, ukavuka barabara
kwenda kwenye ngazi ya Bi Koskela
iliyolegea tangu baridi ya mwaka jana.
Nilikutazama dirishani:
mtu ambaye, kwa maandishi ya serikali,
amekwisha asilimia mia,
na msumari hata mmoja haukupinda.